Maharage ya Kutambaa Huanza na Miti

Katika wilaya za Musanze na Burera, kaskazini mwa Rwanda, shamba la maharage haliishii magotini. Linampita mtu kichwa. Miti yenye urefu wa mita mbili na zaidi imesimama kwa mistari kwenye miteremko, kila mti umezongwa na mashina matatu au manne, na mwenye shamba akiingia kuchuma haonekani tena. Ng'ambo ya mpaka, Kabale na Kisoro nchini Uganda, hali ni hiyohiyo, na vilevile kwenye vilima vya Kivu na nyanda za juu za Burundi. Tanzania na Kenya nazo zina baridi ya namna hiyo: Lushoto, Njombe, Rungwe, Kisii, Kinangop. Lakini wakulima wengi wa huko bado wanapanda maharage mafupi, halafu mvua ya mfululizo ikiingia wanabaki kuokota maganda yaliyooza.

Haragwe fupi lina sifa zake. Linaiva haraka, halihitaji miti, na penye joto na mvua chache halina mpinzani. Tatizo lake mlimani ni kwamba linatoa karibu maua yake yote kwa mpigo, katika muda mfupi. Ukungu na baridi vikitanda siku hizo, maua yanapukutika na msimu umekwisha. Na hata yakishika, maganda yananing'inia karibu na udongo uliolowa, mahali ambapo ugonjwa hauna safari ndefu ya kuyafikia. Haragwe la kutambaa linatoa maua kwa wiki nyingi huku likipanda. Juma moja baya likiharibu ngazi ya chini, ngazi ya juu bado haijachanua. Majani yamepangwa kwa kwenda juu yakipokea mwanga, na upepo unapita katikati kuyakausha baada ya mvua.

Tofauti inaonekana kwenye gunia. Maharage mafupi katika mashamba ya wakulima wa kawaida mara nyingi hayafiki tani moja kwa hekta. Ya kutambaa, yakipata miti mizuri na mbolea, hutoa mara mbili au tatu ya hiyo, na kwenye mashamba ya utafiti yamefikishwa hadi tani 4 au 5. Gharama yake ni muda na kazi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, mbegu nyingi za kutambaa hukaa shambani miezi minne au karibu na hapo, na kabla hata ya mbegu kuingia ardhini kuna suala la miti.

Kilichowafanya Wanyarwanda wakubali kazi hiyo ni shida. Kaskazini magharibi mwa nchi kilimo hicho kilikuwepo tangu zamani, ila kwingineko hakikuwa na nafasi kubwa. Katika miaka ya 1980 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, ISAR, ikishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIAT chenye makao yake Colombia, ilianza kusambaza mbegu bora za kutambaa. Wakati huohuo mashamba yalikuwa yanazidi kuwa madogo, na ugonjwa wa kuoza mizizi ulikuwa unayamaliza maharage mafupi kwenye udongo uliolimwa bila kupumzishwa. Ugonjwa huohuo uliwaandama wakulima wa Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, na huko pia ya kutambaa yakawa miongoni mwa dawa zilizopendekezwa. Mojawapo ya mbegu zilizovuma ni Umubano, ambayo katika vitabu vya watafiti huitwa G2333. Asili yake si Afrika Mashariki. Ilitoka Chiapas, kusini mwa Mexico, na wanasayansi wa nchi nyingi wameitumia kama mzazi wa mbegu nyingine kwa sababu inaukaidi ugonjwa wa chule kuliko karibu kila haragwe jingine.

Sasa hesabu ya miti. Watafiti wa Rwanda walipolinganisha idadi mbalimbali, kiwango kilichopendekezwa kikawa miti 50,000 kwa hekta. Kwa ekari moja hiyo ni miti 20,000. Mkulima akiisikia namba hiyo kwa mara ya kwanza hucheka, na ana haki ya kucheka. Robo ekari peke yake inadai miti 5,000, na miti hiyo lazima ikatwe, ichongwe, ibebwe mlimani, ichomekwe, ing'olewe na kuhifadhiwa. Ndiyo maana wengi huweka nusu ya kiwango au pungufu, kisha mimea sita au saba inagombania mti mmoja, inasukana na kufanya kichaka kizito kinachoanguka siku ya upepo. Kwa mkulima mwenye miti michache, lililo jema ni kupunguza eneo. Robo ekari iliyosimikwa sawasawa itamlipa kuliko nusu ekari iliyosimikwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo maandalizi huanza mwaka mmoja au miwili kabla, kwenye kingo za shamba. Kaliandra ni chaguo zuri kwenye mwinuko wa kati: hukua haraka, ikikatwa huchipua tena, huongeza naitrojeni kwenye udongo, na majani yake ng'ombe na mbuzi huyala. Isipandwe mahali penye jalidi, kwani haiivumilii. Juu zaidi, penye baridi kali, alnusi hufanya vizuri, na katika nyanda za juu za Rwanda imepandwa sana kwenye kingo za matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matawi ya mgrivea yanayopunguzwa kila mwaka nayo hufaa. Mkaratusi hutoa miti imara iliyonyooka, lakini ni mlevi wa maji, na kuupanda kandokando ya maharage ni kumkaribisha mwizi mezani. Uwe na eneo lake mbali. Mianzi ikipatikana ni neema.

Majani ya tembo ndiyo kimbilio la wasio na miti. Mashina yaliyokomaa na kukaushwa hubeba haragwe la nguvu ya wastani kwa msimu mmoja tu, baada ya hapo yanaishia jikoni au kwa mifugo. Mti halisi uliokauka vizuri kabla ya kuchomekwa hudumu misimu miwili, mitatu au zaidi. Kukausha kuna faida nyingine: fito mbichi za mtugutu na miti ya jamii hiyo hushika mizizi zikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na badala ya nguzo mkulima anajikuta na mti unaokunywa maji ya maharage yake.

Kuna njia za kubana matumizi. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kuanzia mwaka 2009, ulijaribu pamoja na wakulima wa Uganda mbinu kadhaa, zikiwemo miti mitatu inayofungwa pamoja kwa juu na kamba za katani au za migomba zinazovutwa kati ya nguzo chache. Miti mitatu iliyofungwa pamoja huuvumilia upepo vizuri hata kama kila mmoja ni mwembamba. Kamba inaokoa miti mingi, ila inadai nguzo za mwisho ziwe nene na zimezikwa kwa kina, kwa sababu mstari mzima wa maharage yaliyolowa mvua una uzito wa kushangaza. Kamba ya mgomba ni ya bure lakini huoza upesi penye mvua nyingi; isukwe mara mbili.

Na mahindi? Wengi huona njia ya mkato hapo. Haragwe lenye nguvu likipandwa siku moja na hindi, huliwahi, hulizonga na kulivuta chini kabla halijabeba. Anayetaka kuchanganya ayaache mahindi yatangulie kwa wiki mbili au tatu, apande mahindi ya bua nene, na achague mbegu ya kutambaa isiyo na nguvu nyingi. Njia ya uhakika zaidi ni ya kupokezana: mahindi yakikomaa, majani yanapunguzwa, maharage yanapandwa chini yake, na bua kavu linageuka kuwa mti. Mavuno ni ya wastani, lakini hakuna aliyebeba fito mlimani.

Upandaji wenyewe hauna mambo mengi. Nafasi ya sentimeta 50 kati ya mistari na 40 kati ya shimo na shimo hutoa mashimo 50,000 kwa hekta, mti mmoja kila shimo, na mbegu nne kuuzunguka. Penye miti michache, mbegu mbili au tatu kwa mti zinatosha. Kina cha sentimeta 3 hadi 5 kinafaa. Udongo ukiwa wa baridi sana, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mbegu hukaa tu na kuoza, hivyo maeneo ya juu kabisa yasubiri siku zipate joto kidogo baada ya mvua za kwanza.

Jalidi ni adui asiye na suluhu. Usiku mmoja wa jalidi unaua shamba zima la maharage, na hakuna dawa ya kulifufua. Katika sehemu za juu za Makete na Njombe hatari hiyo huwa kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo hesabu ipigwe kinyumenyume: mbegu ya miezi minne iwe imeshaingia ardhini Januari. Wenye mashamba bondeni wakumbuke kwamba hewa baridi huteremka usiku na kutuama chini. Mteremko wa juu kidogo, unaotazama mawio ya jua, huwa salama kuliko bonde lenyewe hata kama bonde lina udongo mweusi wa kutamanisha.

Haragwe linajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na la kutambaa hufanya hivyo kuliko fupi kwa kuwa hukua muda mrefu na huwa na majani mengi. Njia ya kujua kama kazi inafanyika ni kung'oa mche mmoja kwa uangalifu wakati wa kuchanua na kukikata kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, ni pambo tu. Mara nyingi kinachokosekana ni fosforasi, au udongo una tindikali nyingi, jambo la kawaida kwenye milima yenye mvua. Samadi iliyooza vizuri, mbolea ya DAP kiasi cha mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, na chokaa pale ambapo pH iko chini ya 5.5, hurekebisha mengi. DAP ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya mbegu kuwekwa, isije ikaiunguza. Anayeshindilia urea atapata majani mazuri ya kupigia picha na maganda machache ya kula.

Miti ichomekwe mapema, majani ya kwanza ya vipande vitatu yanapofunguka, wiki mbili au tatu baada ya mbegu kuota. Wapo wanaoichomeka siku ya kupanda, na si vibaya. Kibaya ni kuchelewa. Mashina yakishaanza kutafuta pa kushika bila kukuta kitu, hushikana yenyewe kwa yenyewe, na kuyatenganisha ni kuyavunja. Mti unaochomekwa wakati huo pia hukata mizizi. Uingie ardhini sentimeta 30 au zaidi, sehemu yenye upepo mkali hata 50.

Anayetaka kuona mmea ukitafuta mti akae shambani asubuhi moja. Ncha ya shina changa haikui moja kwa moja kwenda juu; inazunguka hewani polepole, ikipapasa. Charles Darwin, katika utafiti wake wa mwaka 1865 kuhusu mimea inayopanda, alipima mzunguko huo wa haragwe na kukuta unachukua takriban saa mbili. Ukitazamwa kutoka juu, mzunguko unakwenda kinyume cha mshale wa saa, na hauna habari na ikweta: Kabale, Njombe au Uingereza, ni upande uleule. Jambo hilo lina matumizi. Shina likianguka na mkulima akataka kulirudisha kwenye mti, alizungushe upande huo. Akilizungusha kinyume, atakuta limejifungua lenyewe na kulala chini, naye atadhani ni upepo.

Gome nalo lina maana. Mti uliochongwa ukawa laini kama fimbo ya mzee huteleza, na shina zito lenye maganda hushuka chini. Magome na vifundo vibaki, ncha ya chini tu ndiyo ichongwe.

Magonjwa ya baridi yanajulikana. Chule huacha mabaka meusi yaliyobonyea kwenye maganda, katikati yakiwa na rangi ya waridi wakati wa unyevu, na husafiri ndani ya mbegu. Ndiyo sababu mbegu za kupanda mwakani zisitolewe kwenye rundo la jumla, zichaguliwe kwenye maganda safi ya mimea iliyowekewa alama ingali shambani. Madoa pembe huyaunguza majani kwa vipande vyenye kona kali. Kuoza mizizi hupungua kwa kupanda kwenye matuta yaliyoinuliwa na kwa kutorudia maharage sehemu moja; viazi mviringo au mahindi yakifuata, hunufaika na naitrojeni iliyobaki. Nzi wa maharage, ambaye funza wake hupekecha shina karibu na ardhi, huwashambulia zaidi waliochelewa kupanda. Kuhusu dawa za kunyunyizia, kwenye shamba lililosongamana dawa haifiki ndani, na nafasi nzuri kati ya miti hufanya kazi kubwa kuliko bomba la mgongoni. Majani yakiwa na umande, mtu asiingie kupalilia wala kuchuma, kwa sababu nguo zake ndizo zinazobeba ugonjwa kutoka mche hadi mche.

Mbegu zipo. Uganda huweka herufi C mwishoni mwa majina ya mbegu zake za kutambaa, mfano NABE 12C. Rwanda imetoa MAC 44 na RWV 1129, zenye madini mengi ya chuma kuliko maharage ya kawaida. Kundi la MAC lilibuniwa mahususi kwa mwinuko wa kati, kwa hiyo hata wenye mashamba yasiyo ya baridi kali wasijione wametengwa. Kenya zipo zilizotoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kama Kenya Tamu na Kenya Mavuno. Kabla ya kununua, mkulima amuulize kwanza mfanyabiashara wa sokoni kwake. Umubano inazaa sana lakini punje zake ni ndogo na nyekundu, na kuna miji ambako mnunuzi hataki kitu kisichokuwa kikubwa chenye mabaka. Wakulima wa Rwanda wa zamani walilimaliza swali la mbegu ipi ipandwe kwa kupanda mbegu nyingi tofauti kwa pamoja, ili ugonjwa ukiipiga hii, ile ibaki. Anayepanda mchanganyiko wa namna hiyo aangalie nguvu zilingane, maana mbegu yenye mbio huifunika ya polepole.

Kuvuna huenda kwa awamu, na hapo familia hufaidi. Majani machanga ni mboga, yakichumwa machache kwa kila mche. Maganda mabichi yanafuata, kisha maharage mabichi ya kumenya, ambayo sokoni mara nyingi hupata bei nzuri kwa kuwa ya msimu uliopita yamekwisha na makavu mapya bado hayajaingia. Maganda ya chini hukauka wakati ya juu bado ni kijani. Yachumwe yanavyokauka, kila baada ya siku chache. Kungoja shamba zima likauke mahali penye mvua ni kukubali punje zilizochipua ndani ya maganda. Mimea isikatwe hadi ganda la mwisho litoke, na ikikatwa, mizizi ibaki ardhini na naitrojeni yake.

Miti ing'olewe siku hizohizo, ianikwe juani, kisha ihifadhiwe imesimama chini ya paa. Ikiachwa shambani huoza sehemu ya chini, au jirani asiye na kuni huipatia kazi nyingine.

Kukausha punje kwenye baridi ni mtihani. Turubai au kichanja ni bora kuliko ardhi, na jua la saa chache litumiwe lote. Kupima kama yamekauka hakuhitaji mashine: chumvi kavu kidogo hutiwa kwenye chupa ya kioo iliyokauka pamoja na maharage, chupa inatikiswa na kuachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maharage bado yana maji. Ikidondoka yote chini, yako tayari.

Bungua wa maeneo ya baridi ana tabia ya kutaga mayai tangu maganda yangali shambani, kwa hiyo gunia linaloonekana safi siku ya kufungwa linaweza kuwa na matundu baada ya miezi miwili. Kuchuma mapema humpunguza. Kinachommaliza ni kumnyima hewa. Mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi, na kwa maharage inafanya kazi vilevile: wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula na kufa. Kila tabaka lifungwe peke yake kwa kukazwa na kukunjwa, mfuko uwekwe juu ya mbao mbali na panya, na usifunguliwefunguliwe kila wiki kuchungulia. Maharage ya kula nyumbani yawekwe kwenye mfuko mdogo wa pembeni, na yale ya mbegu yawe na mfuko wake.